Kioo cha Inchi Sita Juu ya Paa la Tassia

Kazi yangu ni kutia picha kwenye fremu. Nina duka dogo Donholm, na wateja wangu wengi huja Jumatano na Alhamisi kwa sababu mazishi huwa Ijumaa na Jumamosi. Huniletea picha ndogo, pengine ya kitambulisho, pengine iliyokatwa kutoka kwenye picha ya harusi, bega la mtu mwingine bado likionekana pembeni. Naipeleka ikakuzwe, nakata kioo, nakata mbao, naifunga. Kwa miaka mingi nimeshinda na nyuso za waliokufa zikiwa zimeegemea ukuta, zikingoja wenyewe waje kuzichukua. Sijawahi kuziogopa. Niliyemwogopa ni mmoja tu, na picha yake haikuletwa dukani.

Huyo ni ndugu yangu mdogo. Miaka tisa iliyopita, Jumatatu asubuhi, alitoka nyumbani kwetu Tassia kwenda kutafuta kibarua Industrial Area. Alikwenda kwa miguu, akikatiza Mukuru kwa Njenga kama kawaida yake, na githeri yake, mahindi na maharagwe, kwenye mkebe wa plastiki. Hakurudi. Msimamizi wa lango la kiwanda alisema hakumwona kwenye foleni siku hiyo. Tulizunguka vituo vya polisi na wodi za hospitali. Mochari mama aliingia peke yake. Alisema mimi nimezoea picha, sitamjua mtu akiwa amelala. Hakuwa mochari. Hakuwa popote.

Tangu wiki ile mama akawa anapanda juu ya paa kila jioni saa kumi na mbili. Paa letu ni la saruji, tambarare, lenye kamba za nguo na matangi ya maji, na ukisimama kwenye ukuta wa mbele unaiona barabara inayotoka mtaa wa Pipeline hadi pale inapopinda. Mama aliweka kigoda chake hapo. Aliwaangalia watu wakirudi kutoka kazini, mamia kwa mamia, mpaka giza lilipomzuia kuwatenganisha. Nilikuwa nafunga duka mapema ili nikae naye, maana magoti yake yalikuwa yameanza kuuma na ngazi ya paani ina mwinuko mkali. Lakini barabara ile sikuweza kuiangalia. Kila mwanamume mrefu aliyetembea haraka alinishtua. Kwa hiyo yeye akawa anaangalia chini, nami nikaanza kuangalia juu.

Mwanzoni hakukuwa na cha kuona. Taa ya mtaa iliyo juu ya mlingoti mrefu, ile tunayoiita mulika mwizi, huyafuta karibu yote yaliyo mbinguni. Kisha ikaja jioni ambayo stima ilipotea kuanzia kwetu mpaka Pipeline, na nyota zikatoka kana kwamba zilikuwa zimejificha nyuma ya pazia. Niliona Kilimia, kile kifungu kidogo cha nyota ambacho nyanya yangu alituonyesha tulipokuwa watoto shambani. Mama hakuinua kichwa. Usiku ule nililala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na asubuhi nikaanza kusoma kwenye simu habari za darubini.

Ya kwanza niliiona kwenye kibanda ndani ya jengo la maduka. Ilikuwa nyembamba, nyeupe, ya lenzi, na kwenye boksi lake wameandika kwamba inakuza mara mia tano na zaidi. Kijana muuzaji aliniambia, "Hii, madam, inavuta mpaka mwezi." Akanipa nilenge bango lililokuwa upande wa pili wa maegesho. Nilipogusa mguu wa chuma kile kitu kizima kilitetemeka, na maandishi ya bango yakawa na ukingo wa zambarau na kijani. Mimi ni mtu wa vioo. Nilichungulia mbele nikaona lenzi yenyewe ni ndogo kama kifuniko cha soda. Nikamshukuru nikaondoka.

Kwenye simu kuna kikundi cha watu wanaopenda mambo ya anga, na mmoja wao akanielekeza kwa mwalimu mstaafu anayeishi Donholm hiyohiyo, mitaa miwili tu kutoka dukani kwangu. Alikuwa mzee wa Kikamba, mwembamba, mpole, aliyefundisha fizikia maisha yake yote. Wajomba zake walikuwa wachongaji, na mkono wa useremala alikuwa nao. Kwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba yake alikuwa ameziegesha darubini tatu, zote za kioo. Alikuwa anazeeka, akasema, na alitaka ziende kwa watu watakaozitumia.

Nilimuuliza hizi zinakuza mara ngapi.

"Hilo swali la dukani," akasema. "Niulize kioo kina upana gani. Kukuza ni kazi ya kilenzi cha kuchungulia, na vilenzi unabadilisha. Kioo ndicho kinachokusanya mwanga. Kikiwa kidogo, utakuza giza."

Akanifungulia ya kwanza nichungulie ndani ya bomba. Chini kabisa kulikuwa na kioo cha mviringo kilichobonyea kidogo kama sahani, na karibu na mdomo wa bomba kioo kingine kidogo kilichoinama, cha kutupa mwanga ubavuni, pale penye tundu la kuweka jicho. Nilitoa kitambaa changu cha kazi, kwa mazoea tu, kwa sababu kile kioo cha chini kilikuwa na vumbi. Mwalimu akanishika mkono. Kioo cha kawaida, alinieleza, kimepakwa fedha yake mgongoni, na kioo chenyewe kinailinda. Hiki kimepakwa usoni. Ukikipangusa unakikwaruza, na vumbi kidogo halidhuru kitu. Nimekata vioo miaka kumi na saba na sikuwahi kushika kioo chenye uso ulio wazi namna hiyo.

Basi tukaanza kuchagua. Nilikwenda kwake Jumamosi tatu mfululizo, kwa kuwa hakutaka nichukue kitu kwa pupa.

Moja ya zile darubini ilikuwa na kioo cha inchi nne na nusu, juu ya miguu mitatu ya chuma yenye vizito na skrubu nyingi. Ilikuwa nyepesi, lakini kila nilipotaka kuisogeza nilisahau skrubu ipi ni ya nini, na ikaishia kuangalia ukuta wa jirani. Nyingine ilikuwa ya inchi nane, kwenye sanduku la mbao linalozunguka. Jioni ya pili Mwalimu alinionyesha sayari ya Zohali kwa hiyo. Nilidhani amebandika picha ndani. Ile pete ilikuwa imekaa pale, kali, imetengana kabisa na sayari yake, na nikasikia baridi mgongoni kama mtu aliyeitwa jina lake kwa nyuma. Niliitaka hiyo. Sikutaka kusikia habari ya nyingine.

Mwalimu hakubisha. Aliniambia niibebe mpaka getini na kurudi. Nilibeba sanduku kwanza. Lilikuwa zito kama gunia la makaa, na kabla ya kufika getini nilikuwa nimelitua mara mbili. Kisha bomba, ambalo lilinifika kifuani na halikuwa na pa kushika. Akaniuliza ninaishi gorofa ya ngapi. Nikamwambia ya tano, na juu yake kuna ngazi ya kwenda paani. Akauliza ni nani atakayeangalia.

"Mimi," nikasema. "Na mama yangu. Magoti yake hayawezi kusimama sana."

"Mama anataka kuona nini?"

 Nikamweleza habari ya kigoda, barabara na ndugu yangu. Sikuwa nimemsimulia mtu mgeni jambo lile tangu tulipoacha kwenda vituoni. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na nilipomaliza akaenda kuivuta ile ya tatu.

Hii ilikuwa ya inchi sita, nayo kwenye sanduku la mbao, lakini sanduku la plywood alilolitengeneza yeye mwenyewe, jepesi, lenye matundu mawili ya kupitisha mikono. Alileta kiti cha jikoni, akakaa, akaizungusha darubini mbele yangu ili nione jicho linakaa wapi: ukiilenga chini karibu na upeo wa macho, tundu lingemfikia mama akiwa ameketi kwenye kigoda, ukiilenga juu, kiti cha kawaida kingetosha. Zohali ndani yake ilikuwa ndogo kidogo kuliko kwenye ile kubwa, na hafifu kidogo, lakini pete ilikuwa pete. Niliibeba mpaka getini na kurudi bila kutua. Tukaelewana.

Aliniachia maagizo machache. Nisiilenge jua hata kwa sekunde moja. Nisishangae vitu vikionekana kichwa chini. Angani hakuna juu wala chini, kwa hiyo haina shida. Na kale kadarubini kadogo ka kulengea, kanakokaa juu ya bomba, nikaoanishe na bomba mchana kwa kulenga kitu cha mbali kisichotembea, kama mlingoti au tangi.

"Tangi," akasisitiza. "Sio madirisha ya watu. Mtaa wetu umebanana, mtu anaweza kukuletea taabu."

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, niliipandisha paani. Mama alikuja nyuma yangu polepole, bado amevaa nguo zake za ibada, akakaa kwenye kigoda chake akinitazama nikihangaika. Nilichagua tangi la bluu juu ya jengo lililo mbali, upande wa Pipeline unaokaribia Mukuru. Bomba lilikuwa limelala karibu sambamba na paa. Nilisogeza, nikazungusha kile kifundo cha kusafisha picha, na tangi likatokea, kichwa chini, safi hata nikaona kutu kwenye mfuniko wake.

Kisha mtu akaingia.

Alitoka nyuma ya tangi na beseni la nguo, akaanza kuanika. Kila kitu kilikuwa kimepinduka, miguu yake juu, kamba ya nguo chini, na maji yakidondoka kuelekea juu. Uso sikuuona vizuri. Lakini alichukua shati kwa mkono wa kushoto, akalikung'uta, akaweka kibanio mdomoni, na bega lake moja lilikuwa limeshuka kuliko lingine. Ndugu yangu alitumia kushoto. Bega lake lilishuka hivyohivyo tangu alipoanguka mtini akiwa na miaka minane. Na alikuwa na tabia ya kuweka kibanio mdomoni, mama akimkanya kila mara kwamba ni uchafu.

Nilijiondoa kwenye lile tundu. Nilijifanya narekebisha skrubu.  Nikakumbuka kwamba ni kioo, na kioo hugeuza kushoto kuwa kulia, na hapo nikapumua kidogo. Nilishuka ngazi mbili tatu, mama asisikie, nikampigia Mwalimu simu, nikamuuliza hilo tu. Alidhani nauliza kwa sababu ya ramani za Mwezi.

"Hapana," akasema. "Vioo viko viwili. Inapindua tu, kama picha uliyoigeuza juu chini mezani. Mkono wa kushoto unabaki kuwa wa kushoto."

Niliporudi juu mama alikuwa amesogeza kigoda chake na amelitia jicho pale. Mikono yake ilikuwa magotini. Hakuwa anatikisika. Nilisimama karibu naye nikingoja aseme kitu, na nikasikia sauti za watoto chini, na redio ya jirani, na mahali fulani mtu akitwanga.

"Ni yeye," mama akasema.

Alisema taratibu, kama mtu anayetaja saa. Kisha akaongeza, bila kuondoa jicho, kwamba amekonda.

Nilimwambia tusubiri. Nilimwambia ni mbali, watu hufanana, na kwa miaka tisa mtu angekosaje kuvuka barabara moja kuja kwao. Alinijibu kwamba hayo nitamuuliza mwenyewe nikifika. Kisha akaniagiza nibebe simu, yeye abaki paani amwangalie asipotee tena.

Jengo ambalo ukiwa juu unaliona wazi kama kidole chako, ukiwa chini halipo. Nilizunguka kwenye vichochoro vya Pipeline karibu saa nzima. Kila ukuta ulikuwa kama mwenzake, kila lango lilikuwa na duka la simu upande mmoja na mama wa mboga upande wa pili. Mama alinipigia mara kwa mara. Aliniambia bado yuko. Aliniambia amebakiza suruali moja. Kisha akaniambia ameingia nyuma ya tangi na haonekani, na sauti yake ikawa ndogo. Nilianza kukimbia. Nilimuuliza muuza maji kuhusu jengo lenye tangi moja la bluu, akanionyesha kwa kidevu.

Kwenye lango mwanamke msimamizi wa ploti aliniuliza namtafuta nani. Nilifungua mdomo kutaja jina la ndugu yangu, na sikuweza. Miaka tisa nilikuwa nimelitaja kwa polisi, kwa manesi, kwa wachungaji, na hapo, kwenye lango la mahali ambapo huenda yupo, likanikwama. Nilisema nguo zangu zimepeperushwa na upepo. Akanipisha.

Nilipanda gorofa saba. Kwenye paa kulikuwa na nguo tu, zikidondoka, na lile tangi, ambalo kumbe lilikuwa kubwa mno, linanizidi urefu. Hakukuwa na mtu. Niligusa mkono wa shati lililo karibu. Lilikuwa la bluu, la kazi, kola imechanika. Simu ikalia.

"Nakuona," mama akasema. "Uko kichwa chini."

Niligeuka kuelekea Tassia. Paa letu lilikuwa mstari tu kati ya mapaa mengine, na sikuweza kumwona mtu yeyote. Nilijua amekaa pale, na jicho lake liko juu yangu, na nywele zikanisimama.

"Yuko nyuma yako," akasema.

Niligeuka. Mwanamume alikuwa amesimama kwenye mlango wa ngazi na beseni tupu. Alikuwa mrefu, na bega lake lilikuwa limeshuka. Umri ulikuwa uleule. Hata paji la uso lilikuwa na kitu cha ndugu yangu. Lakini macho hayakuwa yake, na mdomo haukuwa wake, na nilijua kabla hajapiga hatua ya pili. Nilijua na bado niliendelea kumwangalia, nikingoja uso ule ubadilike.

"Ni yeye?" mama akauliza sikioni mwangu. "Niambie. Ni yeye?"

 Nilikaa chini kwenye saruji yenye maji. Yule mtu akaja akachuchumaa mbali kidogo, kwa adabu, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia yote, ovyoovyo, darubini na kibanio na mkono wa kushoto na mama aliye kwenye simu. Angeweza kukasirika kwamba tulikuwa tunamchungulia. Aliangalia upande wa Tassia, akatazama kwa muda, halafu akaomba simu.

Alimwamkia mama kwa heshima. Akamwambia yeye ni dereva wa lori, kwao ni Kitui, na amehamia hapo mwezi uliopita. Nilisikia sauti ya mama ikijibu lakini si maneno. Aliponirudishia simu, alisema mama hajaamini.

"Anasema sauti hubadilika," akasema. "Twende anione."

Nilimkatalia, nikamwambia ni Jumapili yake ya kupumzika. Alikuwa tayari anashusha mikono ya shati.

Tulipofika mama alikuwa ameshuka nyumbani. Sijui alishukaje peke yake na magoti yale. Alikuwa amepasha moto wali na ndengu, na ameweka sahani ya tatu mezani. Hakumkumbatia. Alimwangalia kutoka juu mpaka chini, akamkaribisha kwenye kiti, kisha akachukua jagi na beseni kumnawisha mikono. Hapo nikaelewa anatafuta nini. Ndugu yangu alikuwa na kovu la kuungua na jiko kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kovu lenye umbo la kucha. Mama alimwagia maji, akaushika mkono ule, akaugeuza, akaupitishia kidole gumba. Akamwagia tena. Maji yakafurika kwenye beseni yakaanza kutiririka sakafuni, na hakuna aliyemwambia aache. Yule dereva alikaa na mikono yake imenyooshwa, akiangalia meza.

"Si wewe," mama akasema mwishowe.

"Hapana, mama. Si mimi."

"Haya. Kula."

Akala. Alikula sahani nzima, akaongezwa, na mama akakaa mbele yake akimwangalia kila tonge. Hatukuzungumza mengi. Mama alimuuliza kama ana mke, kama anapumzika vya kutosha kabla ya kushika usukani, kama mama yake yuko hai. Yuko, akasema, Kitui. Mama akamuuliza alimpigia simu lini. Alifikiri kidogo, akaona haya, akasema siku nyingi. Mama hakumlaumu. Alimfungia chakula kilichobaki, na dereva alipoondoka nilimsikia kwenye ngazi, gorofa ya tatu hivi, akiongea Kikamba na mtu kwenye simu.

Mimi ndiye niliyekausha sakafu. Mama aliingia chumbani, na usiku huo sikumsikia akilia. Afadhali ningemsikia.

Wiki nne hakupanda paani. Ilipofika saa kumi na mbili alikaa tu kitandani, mgongo kwenye ukuta, viatu vikiwa miguuni. Nami sikuigusa darubini. Niliiona kama kitu nilichokiingiza nyumbani bila kumuuliza mtu, kikamtoa maiti kaburini, kikamrudisha. Niliifunika kwa gunia, nikampigia Mwalimu nikamwambia aje aichukue, aitafutie mtu mwingine. Hakunihimiza wala hakunikataza. Alisema atakuja mwisho wa mwezi, na kwamba nisiiache ikanyeshewa.

Siku mbili kabla ya hapo nilipanda kuifuta unyevu, maana mvua ilikuwa imenyesha mchana. Mawingu yalikuwa yameondoka, na Mwezi ulikuwa umejaa nusu, juu kabisa, wakati jua bado linazama. Nilifunua gunia kwa ajili ya kukagua kioo tu. Nikasikia mtu ngazini, hatua moja, kisha kimya, kisha hatua nyingine. Alikuwa mama, ameshika ukuta. Hakwenda kwenye kigoda chake. Alikuja pale nilipokuwa, akasimama akiangalia bomba lililoelekezwa juu, na akaniuliza hiyo imelenga nini.

Nikamletea kiti. Nililenga Mwezi, nikausafisha mpaka vivuli vya milima vikakatika kama vimekatwa kwa kisu cha kioo, nikamwambia aangalie. Aliweka jicho. Aliangalia kwa muda mrefu, mdomo wake ukisogea kidogo kama mtu anayehesabu.

"Huku kunakaa nani?" akauliza.

"Hakuna mtu, mama."

"Kote?"

"Kote."

Akaitikia kwa kichwa bila kujiondoa. Watu walikuwa wanarudi kutoka kazini wakati huo. Nilisikia miguu yao, vicheko, mtu akiita mtu. Mama hakugeuka.

Ukiitumia darubini ya namna hii lazima uisukume kila baada ya dakika moja au mbili, kwa sababu dunia inazunguka na kile unachokiangalia kinateleza pembeni mpaka kinatoka. Nilinyoosha mkono niusogeze Mwezi katikati tena, na mama akauzuia mkono wangu kwa mkono wake, kwa upole. Nikauacha. Mwanga uliokuwa shavuni mwake ukapungua, ukawa ukanda mwembamba, ukaisha. Yeye akabaki vilevile, jicho kwenye lenzi, akiangalia mahali pale palipobaki patupu, na mimi nikabaki nimesimama nyuma ya kiti chake mpaka taa za mtaa zilipowaka.